Nimekaa na seva miaka 12: je, niombe kiti cha juu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 38, na kwa miaka 12 nimekuwa upande wa seva, yaani kompyuta zinazoendesha huduma yetu, katika kampuni inayotoa huduma ya programu ya mishahara na kumbukumbu za wafanyakazi kwa njia ya intaneti. Wateja wetu hawanunui programu, wanalipia kila mwezi. Sasa hivi ninaongoza watu tisa. Bosi ameninong'oneza kwamba kiti cha makamu wa rais wa huduma kitakuwa wazi na angependa niombe. Mwenzangu wa mauzo anacheka tu. Anasema viti vya juu kwenye biashara hii ni vya wauzaji, fundi atabaki kuwa fundi. Je, nirudi chuoni kwanza nikachukue shahada ya biashara? Na hao waliofika juu, walipitia wapi?

Jibu: Omba, ndugu yangu. Ningeweza kuishia hapo, ila mwenzako wa mauzo amegusa jambo ambalo zamani lilikuwa kweli. Ukienda kwenye usaili bila kujua ukweli huo uliisha vipi, atakuzidi kwa maneno matupu.

Enzi programu zilipouzwa kwenye maboksi, zikiwa ndani ya diski, kampuni ilikuwa kama fundi anayejenga nyumba na kuiuza. Mnunuzi akishatia saini, pesa imeingia yote. Bomba likivuja mwezi wa tatu ni shida yake, na ukienda kulirekebisha unamtoza tena. Kwenye biashara ya namna hiyo muuzaji lazima atambe, kwa sababu siku ya saini ndiyo siku ya pesa. Ninyi hamuuzi nyumba, mnapangisha. Mpangaji analipa kidogo kidogo na mlango haufungwi. Akichoka anabeba virago. Mwenye nyumba za kupangisha anaishi kwa wapangaji wasiohama, na aliyewaonyesha chumba siku ya kwanza siye anayewafanya wabaki. Wanabaki kwa ajili ya yule anayehakikisha maji yanatoka bombani kila asubuhi. Huyo ni wewe, au angalau ndivyo unavyopaswa kujieleza.

Wala usidhani biashara hii ilizaliwa na intaneti. Kazi yenu ya mishahara ni kongwe kuliko kompyuta za maofisini. Henry Taub alianzisha Automatic Payrolls huko Paterson, New Jersey, mwaka 1949, kampuni ambayo leo inaitwa ADP, akiwapigia wenye biashara wengine hesabu za mishahara. Mteja hakununua mashine wala hakuajiri karani wa ziada. Alileta kazi, akarudishiwa ikiwa imekamilika, akalipia. Weka skrini mahali pa karatasi, na ndicho mnachofanya.

Kipindi chenye mafunzo zaidi kwako ni mwisho wa miaka ya 1990. Wakati huo kampuni kama USinternetworking na Corio zilichukua programu kubwa za watu wengine, za uhasibu na za rasilimali watu, zikaziweka kwenye seva zao na kuwapangishia wateja. Wawekezaji walimwaga pesa. Januari 2002 USinternetworking ilikuwa mahakamani ikiomba kinga ya kufilisika. Corio ilikuja kumezwa na IBM mwaka 2005. Kuporomoka kwa soko la hisa kuliwaharakishia, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani ya seva. Kila mteja alikuwa na mitambo yake, toleo lake la programu, marekebisho yake ya pekee na fundi wa kumshika mkono, kwa hiyo mteja wa mia moja aliwagharimu karibu sawa na wa kwanza. Ni kama kumjengea kila mpangaji nyumba yake na kisima chake, halafu ukamtoza kodi ya chumba kimoja.

NetSuite, ya programu za uhasibu, iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la NetLedger, na Salesforce, ya programu za kusimamia mauzo na wateja, iliyoanza 1999, kila moja ilijenga jengo lake moja. Programu ni moja, wapangaji wote wamo ndani, kila mmoja na kufuli lake. Hitilafu ikirekebishwa, imerekebishwa kwa wote. Kumpokea mpangaji mpya kunagharimu kidogo kuliko aliyetangulia. Uamuzi huo ni wa kihandisi kabisa, na ndio uliozipa nafasi ya kudumu. Mkumbushe mwenzako siku akicheka tena.

Sasa, walipitia wapi? Marc Benioff, mwanzilishi wa Salesforce, kweli, alitoka kampuni ya programu ya Oracle alikokaa miaka 13, na ukimsikiliza unajua huyu ni muuzaji tangu tumboni. Lakini tangu siku za mwanzo za Salesforce alikuwa na Parker Harris, mhandisi, na bila huyo kusingekuwa na kitu cha kuuza. Satya Nadella aliingia Microsoft mwaka 1992 akiwa mhandisi. Mwaka 2011 akakabidhiwa kitengo cha seva, akakisukuma kuelekea Azure, huduma ya Microsoft ya kupangisha seva kwa intaneti, na Februari 2014 akapewa kampuni nzima. Soma hiyo tena: walipotafuta mkuu wa kampuni, walikwenda kumchukua mtu wa seva. Andy Jassy naye alikuwa mtu wa masoko, aliyeingia Amazon mwaka 1997. Akajenga huduma ya kupangisha hifadhi na uwezo wa kompyuta iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, na mwaka 2021 akarithi kiti cha Jeff Bezos. Mhandisi mmoja, mtu wa masoko mmoja, muuzaji mmoja. Wote watatu walikuwa wameshaendesha kitu ambacho wateja wanakitegemea kila siku, au walikuwa na mtu wa kuwaendeshea waliyemwamini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ServiceNow, kampuni nyingine ya kupangisha programu, na ninautaja kwa sababu ya swali ambalo hukuniuliza. Fred Luddy, mwandishi wa programu hasa, aliianzisha mwaka 2004. Mwaka 2011 akampisha Frank Slootman, mtu aliyesomea uchumi, kwenye kiti cha mtendaji mkuu, yeye mwenyewe akabaki kusimamia bidhaa. Je, wewe unakitaka hicho kiti, au unataka tu kumthibitishia mtu wa mauzo kwamba unakiweza? Hayo ni mambo mawili. Kiti kina vikao vya bajeti na simu za wateja waliokasirika, na kibodi utaigusa mara chache sana.

Kuhusu shahada: Jassy alikuwa nayo ya Harvard kabla hajaingia Amazon. Nadella aliichukua Chicago huku akiendelea na kazi yake Microsoft. Kwa hiyo haidhuru. Ila usiache kazi kwa ajili yake, kwa sababu kiti hakitakusubiri miaka miwili, na hesabu unazozihitaji kwa kazi hii unaweza kuzijua ukikaa na mhasibu wenu wiki tatu bila aibu ya kuuliza maswali ya kitoto.

Hesabu ya kwanza ni ya wanaohama. Tuseme mna wateja 1,000 na kila mwezi 3 kati ya kila 100 wanaondoka. Inasikika kama kitu kidogo, na wengi hutabasamu nayo. Baada ya miezi 12 mmebaki na 694. Punguza hiyo tatu iwe moja, mwisho wa mwaka mnao 886. Tofauti ni wateja 192 ambao timu ya mauzo haikulazimika kuwatafuta.

Hesabu ya pili ni ya muda wa kurudisha pesa. Kumpata mteja mmoja, ukijumlisha matangazo, safari na kamisheni ya muuzaji, tuseme kunagharimu 1,200. Analipa 100 kwa mwezi, na katika hiyo 100 kuna 30 inayoishia kwenye seva na watu wa msaada. Inabaki 70, kwa hiyo mnahitaji miezi 17 na ushei ndipo mteja aanze kuwaletea faida. Akihama mwezi wa 14, mmemlipia yeye awatumie. Sasa tazama hiyo 30. Ni nani kwenye kampuni anayeweza kuishusha iwe 20? Ni wewe na watu wako tisa: data isiyofunguliwa na mtu ikahamishiwe kwenye hifadhi ya bei nafuu, seva zinazolala zizimwe, na yule mteja mmoja anayejaza theluthi ya hifadhi kwa ada ileile ya wenzake aitwe mezani. Ukifika 20, pesa inarudi kwa miezi 15. Ukiweza kusema sentensi hiyo mbele ya bodi, kwa tarakimu za kampuni yenu, hakuna atakayekuuliza ulisomea wapi.

Kuna na bonde la wanaohamia kwenye upangishaji kutoka uuzaji, yaani kipindi ambacho mapato yanashuka kabla ya kupanda, ambalo ninyi mmeshalivuka, kwa hiyo nitalipitia mbio. Adobe walitangaza Mei 2013 kwamba matoleo mapya ya programu zao za ubunifu yatapatikana kwa usajili tu. Mapato yao yalishuka kutoka dola bilioni 4.40 mwaka wa fedha 2012 hadi bilioni 4.06 mwaka uliofuata, kisha yakaanza kupanda. Wasimamizi waliojua kueleza bonde hilo kabla ya kulifikia walibaki na viti vyao.

Hapa nikupe la kwangu, maana linafanana na la kwako mpaka linatisha. Nilikuwa mkuu wa uendeshaji katika kampuni moja ya mishahara, na kila mwisho wa mwezi niliingia kikaoni na karatasi ya kijani: huduma ilipatikana asilimia 99.95. Kwa mwezi wa siku 30, hiyo ni chini ya dakika 22 za kuwa chini. Nilikuwa naringa nayo. Siku moja mama wa uhasibu, asiyependa maneno mengi, akaweka karatasi yake kando ya yangu. Wateja 14 walikuwa wameondoka robo ile. Akaniangalia juu ya miwani: "Mwanangu, hawa wamekimbia nini, na huku kwako kote ni kijani?"

Nikazama kwenye tiketi za msaada, yaani malalamiko ambayo wateja wametuandikia. Zilikuwa zinasema jambo moja kwa maneno mengi: imeganda, inazunguka tu, nimeingia kikaoni nimetoka bado inazunguka. Karibu zote zilikuwa za kati ya tarehe 25 na 28. Siku hizo kila mteja anaandaa mishahara kwa wakati mmoja. Ripoti iliyofunguka kwa sekunde 8 tarehe 10 ilikuwa inachukua dakika 40 tarehe 27. Seva zilikuwa hai wakati wote. Kipimo changu kilikuwa kinaziuliza "mpo?" nazo zinajibu "tupo", na hakuna aliyekuwa akiziuliza kama zinafanya kazi. Juu ya hayo, wastani wa mwezi mzima ulikuwa unazimeza siku nne ambazo kwa mteja ndizo mwezi wenyewe.

Tulirekebisha kwa wiki mbili: ripoti zikahamishiwa kwenye nakala ya hifadhidata, kazi nzito zikapangwa foleni. Kilichonichukua muda ni kukubali kubadilisha kipimo. Mwezi wa kwanza wa kipimo kipya, kilichohesabu muda ambao mteja anasubiri katika siku za mishahara, karatasi yangu ilikuwa nyekundu juu mpaka chini, nikaipeleka kwa bodi hivyohivyo. Ndicho kikao cha kwanza ambacho waliniuliza maswali ya biashara badala ya maswali ya seva.

Mkataba wenu bila shaka una kifungu cha fidia: upatikanaji ukishuka chini ya asilimia 99.9, yaani zaidi ya dakika 43 kwa mwezi wa siku 30, mteja anapunguziwa sehemu ya ada. Wanasheria hukipenda sana kifungu hicho. Lakini mteja ambaye wafanyakazi wake 300 hawakupata mshahara Ijumaa hatulizwi na punguzo la asilimia 10. Atakaa kimya, atasubiri mkataba uishe, atahama. Kifungu kinaweka mpaka wa deni lenu kisheria, na hakuna zaidi ya hapo.

Siku mfumo utakapoanguka wewe ukiwa kwenye kiti, na utaanguka, kazi yako itakuwa ya namna mpya. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, aliyekuwa akihangaika na tatizo usiku alifuta saraka (folda) ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, ile inayotumika na wateja. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta kwamba kati ya njia tano walizojiwekea, hakuna hata moja inayofanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mtu aliichukua kwa mkono, kwa sababu nyingine kabisa. Walichofanya baada ya hapo ndicho nataka ukione: walifungua kumbukumbu zao za kazi kwa umma, wakarusha urejeshaji moja kwa moja kwa video, wakaeleza kosa bila kumtupia mtu mmoja mzigo wote.

Linganisha na Atlassian, kampuni ya programu za kupanga kazi za timu, Aprili 2022. Amri iliyopewa namba zisizo sahihi ilifuta mifumo ya wateja wapatao 775, na kwa baadhi yao ilichukua hadi siku 14 kurudi. Data ilikuwepo kwenye akiba. Lakini ufutaji ule uliondoka pia na taarifa za mawasiliano za wateja haohao, kwa hiyo kampuni ikashindwa kuwafikia kwa njia zake za kawaida, na siku za mwanzo ukimya ulikuwa mkubwa. Baadaye wenyewe walikiri kwamba walichelewa kuzungumza. Nenda leo, kabla hujawa makamu wa chochote, ukaangalie orodha ya simu za wateja wenu inakaa wapi. Kama iko ndani ya mfumo uleule unaoweza kuanguka, umeshapata hoja ya kwanza ya usaili wako.

Jambo gumu kwa watu wa aina yetu ni kutokugusa. Saa nane usiku, watu wako tisa wanapambana, nawe unaiona amri inayotakiwa, vidole vinawasha. Acha. Mtu mmoja lazima awe anampigia mteja kila nusu saa na kumwambia kinachojulikana na kisichojulikana, na mtu huyo hawezi kuwa yule anayeandika amri. Nilishindwa jambo hili mara mbili. Mara ya pili nilirudisha mfumo kwa mikono yangu kwa dakika 50, nikajisikia shujaa, na asubuhi nikakuta wateja wawili wakubwa walikuwa wamenipigia mara saba bila kupokelewa.

Cheo chenyewe kisikutishe wala kisikuleweshe. Makamu wa rais kwenye kampuni hizi wamejaa kama utitiri. Chungulia ndani yake. Je, bajeti ya seva ni yako, au unaombewa na mtu wa fedha? Timu ya msaada kwa wateja iko chini yako, au inaripoti kwa mauzo? Muuzaji akimwahidi mteja jambo ambalo mfumo hauwezi, una haki ya kuuzuia mkataba huo usisainiwe? Ukikuta lawama za wateja kuhama zitakuwa zako lakini majibu ya maswali hayo yote ni hapana, waambie unakipenda kiti ila kina miguu miwili, na utaje miguu unayodai iongezwe. Hilo lidai kabla ya saini, kwa maandishi. Baada ya saini utapewa tabasamu.

Na ukitaka kujiandaa, usianze na wasifu wa kazi. Mwombe bosi orodha ya wateja walioondoka katika miezi 12 iliyopita. Chagua watano, wapigie mwenyewe. Waambie wewe ni mhandisi, huuzi kitu, unataka kujua tu ni siku gani hasa walipoamua kuhama. Wengi watakumbuka siku, hata saa. Andika kwa maneno yao, usiyageuze yawe ya kiufundi, halafu kando ya kila jibu weka tiketi ya siku hiyo na kipimo cha seva cha siku hiyo. Ingia nazo kwenye usaili kurasa hizo tano, na mwenzako wa mauzo mpe nakala.